Siku Tisa Nyuma ya Daktari wa Mgomba

Safari hii aliianzisha binti yangu wa miaka 13. Alirudi kutoka shule na kazi ya nyumbani kuhusu Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea na wanyama majina mawili mawili ya Kilatini. Akaniuliza, "Baba, huyu alikuwa daktari kwelikweli, kama wale wa kazini kwako?" Nikamwambia ndiyo, alitibu hadi vikohozi vya wakubwa. Habari ya kisonono cha vijana wa Stockholm, ambacho ndicho kilimjengea jina mjini, niliiruka. "Alifika Afrika?" Hakuwahi. "Sasa mbona ametuandika Waafrika kwenye ukurasa huu?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma usiku nikitoka zamu, na nikagundua kwamba digrii yake ya udaktari aliichukulia Harderwijk, nusu saa kwa treni kutoka Zwolle ninakoishi, na kwamba aliandika juu ya homa ya vipindi, yaani malaria yetu. Mimi ni muuguzi na nimekulia Muleba. Homa hiyo tunajuana. Nikaomba likizo ya siku tisa. Yafuatayo nimeyakusanya kutoka kwenye daftari lililolowa kahawa na picha za simu.

Jumanne, 17 Juni. Harderwijk

Nauli haikufika yuro 10. Zamani mji huu ulikuwa bandari. Bahari ilifungwa kwa boma mwaka 1932, na sasa mbele yake kuna ziwa lenye maji baridi. Chuo kikuu chake kilianza 1648 kikafungwa 1811, na kilichobaki ni kamnara kembamba ka matofali, kanakoitwa kwa jina la Linnaeus, ndani ya kibustani tulivu chenye sanamu ya kichwa chake. Nilikaa pale saa nzima, na aliyepita ni paka tu.

Wadachi walikuwa na wimbo wa kuukejeli mji: Harderwijk wanauza samaki wa moshi, beri na vyeti vya udaktari. Linnaeus alifika hapa Juni 1735, akiwa na miaka 28 na tasnifu aliyokwisha kuiandika kwao. Akahojiwa, akaitetea, na tarehe 23 akaitwa daktari. Wiki moja hivi! Alikuwa na haraka, maana baba wa mchumba wake, naye daktari, alikuwa ameshasema binti haolewi mpaka kijana aende ng'ambo arudi na digrii. Msicheke sana lakini. Hata Boerhaave, tabibu aliyesifika kuliko wote Uholanzi wakati ule, digrii yake ni ya hapa hapa.

Tasnifu yenyewe ilidai kwamba homa ya vipindi husababishwa na udongo wa mfinyanzi: chembe zake huingia mwilini na maji ya kunywa, zikaziba mishipa midogo. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi yangu. Yeye alishika kwamba malaria huletwa na maembe mabichi na kunyeshewa mvua. Wote wawili waliona kitu cha kweli. Maembe huja na msimu wake, na msimu una mvua. Mfinyanzi haunywi maji, maji hutuama, na kwenye maji yaliyotuama ndiko mbu anakotaga. Daktari alisimama ukingoni mwa dimbwi, akalaumu tope. Aliyekuja kuonyesha kwamba ni mbu ni Ronald Ross, mwaka 1897, miaka 162 baadaye.

Njaa ilinipeleka kwa muuza samaki. Mkate na samaki wa moshi, yuro 6. Akaniuliza natoka wapi, nikasema kando ya Ziwa Victoria. Akainua kifuniko cha barafu akanionyesha minofu: sangara! Hapa wanamwita kwa jina la ziwa letu. Akanikatia kipande, akakikaanga bure, akasimama anitazame nikila, kama mtu anayengoja hati ya ukaguzi. Nikampa alama zote.

Jumatano, 18 Juni. Heemstede, kwenye jumba la Hartekamp

Treni hadi Heemstede-Aerdenhout, halafu basi. Onyo kwa atakayefuata: Hartekamp si makumbusho. Ni kituo cha kuhudumia watu wenye ulemavu, na huingii unavyotaka. Nilisimama getini nikaeleza shida yangu, mhudumu mmoja akanisindikiza kwenye njia ya nje hadi mahali ambapo jumba linaonekana vizuri. Muuguzi kwa muuguzi, tuliishia kulalamikia zamu za usiku.

Hapa palikuwa kwa George Clifford, tajiri wa benki na mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki. Alikuwa na bustani, nyumba za vioo, wanyama, na hofu ya kila ugonjwa. Alipomwona Linnaeus alimtaka palepale, ila kijana alikuwa ameshaahidi kukaa kwa mtaalamu mwingine, Johannes Burman. Clifford akatoa kitabu adimu cha Hans Sloane juu ya Jamaica, Burman akapokea kitabu, Linnaeus akahamia Hartekamp kuwa daktari wa nyumba na msimamizi wa bustani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndani ya nyumba ya vioo kulikuwa na mgomba uliogoma kuzaa. Linnaeus akaubadilishia udongo, akaunyima maji kwa wiki kadhaa, kisha akaumwagia kwa wingi, kama kiangazi kinavyopisha masika. Ukatoa maua, na mwanzoni mwa 1736 watu wa Uholanzi wakaja kuutazama. Aliandika kitabu kizima juu ya mti huo mmoja, *Musa Cliffortiana*. Humo alifikiria kwamba huenda ndizi ndiyo lile tunda la bustani ya Edeni, na jani lake lingemsitiri Adamu kuliko la mtini. Baadaye akauita *Musa paradisiaca*, mgomba wa peponi.

Mhaya ukimsimulia haya atakaa chini. Kwetu mgomba uko nyuma ya jiko. Kibanja cha mama kilikuwa na migomba ambayo hakuna aliyeihesabu, na maji machafu ya vyombo ndiyo yaliyokuwa masika yake. Lakini hilo jina la peponi, hapo nampa mkono.

Jirani, Bennebroek, kuna uwanja mkubwa wa michezo ya watoto wenye jina la Linnaeus. Nilisikia kelele zake kabla sijauona. Sikuingia.

Alhamisi, 19 Juni. Treni, treni, treni

Amersfoort, Osnabrück, Hamburg, Copenhagen, Malmö. Tiketi niliyokata mapema ilikuwa yuro 118. Treni moja ilichelewa dakika 70, ya pili ikaondoka bila mimi, na ofisini nikapewa karatasi ya kujaza. Muuza chai wa Hamburg, Mweritrea, alinitunzia begi nikaenda msalani, na niliporudi akakataa pesa ya chai. Ukipita njia hii acha angalau saa moja na nusu kati ya treni na treni, na kibali cha ukaazi kikae mfuko wa mbele, kwa sababu Sweden wanaweza kukagua baada ya daraja la Øresund. Nililala Malmö saa nane usiku.

Ijumaa, 20 Juni. Älmhult – Råshult

Kosa kubwa la safari nzima ni langu: sikutazama kalenda. Hii ilikuwa mkesha wa Midsommar, sikukuu ya kiangazi, na Sweden nzima hufunga. Nilishuka Älmhult mchana nikakuta maduka yamefungwa, mabasi yako likizo, mtaani hakuna mtu. Råshult, alikozaliwa Linnaeus mwaka 1707, ni kama kilomita 10 kaskazini. Nikanunua maji kwenye mashine ya stesheni, nikashika njia kwa miguu.

Baada ya kama saa moja gari kuukuu likasimama. Mzee na mkewe, wote vichwani wana mataji ya maua. Nilidhani naota. Mama akashusha kioo akauliza kwa Kiingereza kama nimepotea. Nikasema ninakwenda kwa Linnaeus. Wakatazamana, mzee akasema kitu, mama akacheka: "Anasema Linnaeus hayupo nyumbani leo, ila tutakupeleka."

Nyumba ya awali iliungua. Iliyopo ni ya baadaye, ya mbao, paa la nyasi hai, na imezungukwa na malisho yenye kuta za mawe. Ni mahali padogo na pa kimaskini kuliko nilivyotarajia. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji msaidizi mwenye kichaa cha maua. Alitengeneza tuta la mviringo mfano wa meza ya chakula, mimea midogo ikawa sahani, vichaka pembeni vikawa wageni walioketi. Mtoto akilia walimpa ua mkononi, akanyamaza. Hata jina la ukoo Nils alilitoa kwenye mti, mlindeni mkubwa uliokuwa kwenye shamba la ukoo wao. Mtoto wa namna hiyo angekuwa nani mwingine?

Wale wazee hawakukubali nibaki porini. Walinipeleka kwenye uwanja wa kijiji chao, ambako mlingoti uliovikwa majani ulikuwa umesimamishwa, na watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wanaruka kuuzunguka kama vyura huku wakiimba kwamba vyura hawana masikio. Niliruka nao. Kisha chakula: heringi wa siki na sukari, viazi vipya, maziwa mazito ya mgando, na stroberi bila kipimo. Mzee alinisukumia bakuli la stroberi ndogo za porini akasema Linnaeus alikuwa akizila kutibu jongo. Hilo ni kweli, alishambuliwa na jongo karibu 1750, akala stroberi, akapata nafuu, akaapia tiba hiyo maisha yake yote. Mzee mwenyewe ana jongo. Nilimuuliza zinamsaidia? "Hapana," akasema, "lakini ni dawa tamu kuliko zenu." Saa tano usiku mwanga wa jua ulikuwa bado unabishana na upeo wa macho.

Jumamosi, 21 Juni. Sikukuu inaendelea, kila kitu kimefungwa. Nimelala kwa wale wazee, nikapasua kuni kidogo kwa shukrani.

Jumapili, 22 Juni. Kwenda Uppsala

Krona 640 kupitia Alvesta na Stockholm. Jambo la kujua: pesa taslimu Sweden ni kama kumbukumbu ya harusi, unayo lakini hununulii kitu. Nilikuwa na noti ya zamani ya krona 100 yenye sura ya Linnaeus, niliyopewa na rafiki. Ilishaacha kutumika tangu 2017, nikaigeuza alama ya kurasa kwenye daftari.

Kwenye basi la jioni Uppsala nyuma yangu mtu alikuwa anafoka kwenye simu kwa Kiswahili. Niligeuka. Mama mtu mzima, kitenge begani.

"Shikamoo, mama."

Akakata simu. "Ee! Unasemaka Kiswahili? Unatoka fasi gani, mwana?"

"Bukoba, mama. Sasa naishi Uholanzi."

"Shikamoo, shikamoo! Sisi kule Bukavu ile hatusemaka. Siku ya ine ukuye kwangu kula. Uko mwembamba."

Siku ya ine ni Alhamisi, nikamwambia nitakuwa nimeondoka. "Basi siku ya pili," akasema, na mambo yakaishia hapo, kama vile mimi ndiye niliyeomba.

Jumatatu, 23 Juni. Kanisa kuu

Bustani na makumbusho nilikuta vimefungwa Jumatatu, basi pangeni siku zenu. Asubuhi hosteli, baada ya kuoga, nilikuwa najipaka mafuta ya nazi huku nikisoma kwenye simu ule ukurasa aliouleta binti yangu. Ni toleo la kumi la *Systema Naturae*, 1758. Toleo la kwanza, 1735, lilikuwa kurasa chache tu kubwa. Katika hili la kumi binadamu amegawanywa kwa mabara manne, na Mwafrika kawekwa wa mwisho: mweusi, mlegevu, mjanja, mvivu, mzembe. Hujipaka mafuta. Huongozwa na matakwa yake ya papo hapo. Mzungu, bila shaka, huongozwa na taratibu.

Nikatazama mikono yangu inang'aa. Kwenye mafuta hakukosea.

Lakini hapo ndipo hasira ilipokuja, tena si ile niliyotoka nayo nyumbani. Huyu ni mtu aliyepanga mimea yote katika madaraja 24 kwa kuhesabu stameni za ua, mojamoja. Ilipofika kwa watu wa bara zima, hakuhesabu kitu. Alichukua masimulizi ya wasafiri akayavika Kilatini, na Kilatini kikayapeleka mbali kuliko masimulizi yenyewe yangefika. Tangu 1738 hakutoka tena nje ya Sweden.

Kaburi lake liko sakafuni ndani ya kanisa kuu, bamba la jiwe ambalo watalii hulikanyaga wakipiga picha dari. Alifariki tarehe 10 Januari 1778. Sikupanga, ila nilisimama pale tarehe 23 Juni, miaka 290 kamili tangu awe daktari Harderwijk. Nikamtumia binti yangu picha. Akajibu: "Umemuuliza?"

Jumanne, 24 Juni. Bustani, na makemba

Bustani iko Svartbäcksgatan, imepandwa kwa ramani ya 1745, na nyumba ya profesa iko pembeni yake. Nendeni asubuhi mapema kabla ya vikundi. Alikuwa profesa wa tiba tangu 1741, na kwa wanafunzi wake bustani hii ndiyo ilikuwa duka la dawa. Nyani wake waliishi hapa kwenye vibanda juu ya nguzo, na alikuwa pia na rakuni aliyeitwa Sjupp, mwizi wa mayai, aliyeuawa na mbwa. Linnaeus aliomboleza, kisha akampasua kwa uchunguzi. Daktari ni daktari.

Nilitafuta viumbe vitatu ninavyovijua kazini na nyumbani, mimea miwili na mbu. Zaidi nilikuwa natafuta vibao. Mwaka 1742 aliupa mti wa kwinini jina, *Cinchona*, akikosea tahajia ya jina la bibi wa Kihispania aliyekusudia kumheshimu. Mwaka 1753 aliita mmea mmoja *Artemisia annua*, ndugu wa pakanga yetu, na ndiyo leo inayotoa dawa mseto tunayompa mtoto mwenye malaria. Mwaka 1758 akampa jina mbu, *Culex pipiens*, jamaa wa wale wanaoeneza matende huko Pwani. Dawa ya zamani, dawa ya sasa na mbu, vyote vilipita mkononi mwake vikaandikiwa kadi, na hakuna kadi iliyosogezwa karibu na nyingine.

Homa ilimwendea hadi darasani. Mwanafunzi wake Peter Forsskål alikwenda Yemen kukusanya mimea akafa kwa malaria mwaka 1763. Mwalimu akaita mmea mmoja wenye vinywele vinavyong'ang'ania nguo *Forsskaolea tenacissima*, kwa sababu kijana alikuwa mbishi. Kuna mapenzi ndani ya jina hilo. Nilitamani yafike pia kwenye ule ukurasa mwingine.

Jioni kwa mama wa Bukavu. Bukari (ugali wetu), sombe (kisamvu) iliyopikwa na mawese, na sahani ya makemba (ndizi) ya kukaanga, vipande vya mshazari, kingo zimeungua kidogo na katikati laini kama siagi. Nikamweleza kwamba mzee wa mji huu aliyaita ya peponi. Akaendelea kugeuza kikaangio. "Alikulaka?" Nikasema sidhani aliwahi kuyala yamekaangwa hivi. "Sasa alijuaje?" Alinifungia mengine kwenye karatasi ya fedha. Anayakuta katika duka la Waarabu, krona 35 kilo. Nilipotaka kuchangia alinitazama kwa namna ambayo sitarudia.

Jumatano, 25 Juni. Hammarby

Shamba alilonunua 1758, kusini-mashariki mwa mji. Mnaweza kwenda kwa basi na kutembea kidogo. Mimi nilifuata kwa miguu moja ya njia zake za mafunzo, kama saa nne pamoja na mapumziko. Enzi zake wanafunzi walirudi mjini na tarumbeta na ngoma, wakipaza sauti "Vivat Linnaeus", yaani aishi Linnaeus. Mimi nilikuwa na makemba ya baridi. Vaeni soksi ndefu: nyasi za Uppland zina kupe wanaoeneza homa ya ubongo, na chanjo yake ipo. Njia inapita kanisa la Danmark, ambako inasimuliwa kwamba mbwa wake Pompe alikuja ibadani na kuondoka mahubiri yakizidi saa moja.

Chumba cha kulala ndicho kitu ambacho nisingependa mkikose. Kuta zake zote, badala ya karatasi za mapambo, zimebandikwa michoro ya mimea, kurasa za vitabu kutoka sakafuni hadi darini, zimekuwa rangi ya chai kwa unyevunyevu. Mwongozo alisema walimwonya kwamba zitaoza. Alilala katikati ya mimea ya Karibi, ambako hakuwahi kufika. Kilimani juu kuna kijumba cha mawe alichokijenga baada ya moto kuiteketeza sehemu ya Uppsala mwaka 1766, bila jiko wala mahali pa kuwasha moto, kwa ajili ya makusanyo. Ni tupu. Mjane wake aliyauza 1784 kwa Mwingereza, sarafu za gini 1,000, na sasa yako London.

Mvua ilinikuta nikishuka. Njia ya shamba iligeuka tope, na nilipofika kituo cha basi viatu vilikuwa vizito kama vya mzamiaji. Basi lilikuwa bado dakika 40 lifike. Nikavua kimoja nikaanza kukwangua kwa kijiti: udongo wa kijivu, laini, unaonata, mfinyanzi mtupu. Shingoni mbu alikuwa ameshakaa. Nilikuwa na kiatu mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, nikamwacha anywe.